Kinachogonga Chini ya Miguu ya Mama

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi, na gari nalo limeanza kusema. Sijui kama mambo hayo mawili ni ndugu. Nayaandika yote mawili ili baadaye nisije nikalisingizia mojawapo.

Sauti yenyewe ni hivi: ng'o. Si kwaa, si kriii. Ng'o, kama mtu anayebisha hodi huku akiomba asisikike. Inatoka mbele upande wa abiria, nikipita kwenye vishimo vidogo. Kwenye shimo kubwa, kimya kabisa. Usukani nao umelegea. Naugeuza, gari linatafakari kwanza, kisha linageuka kwa hiari yake. Nililinunua likiwa zee tayari, kwa hiyo mbio sikuzitarajia. Utii niliutarajia.

Mama, ambaye hukaa mbele, aliangalia miguu yake.

"Kuna mtu huku chini?"

Alhamisi, 7 Machi

Mazoezi ya kwanza ya goti. Mama alipasuliwa goti mwezi Januari, na kila Alhamisi mpaka mwisho wa Mei lazima nimfikishe hospitali iliyo ng'ambo ya kilima. Magari ya abiria hawezi kuyapanda, ngazi zake ziko juu na mguu haukunjiki. Kwa hiyo ni gari langu au ni mabawa.

Jioni Kaka akapiga simu. Anaishi mbali, safari ya siku nzima, ila sauti yake ipo humu ndani kila siku wakati wa chakula. Mama, kwa kuwa hajui kuficha kitu kinachochekesha, akamsimulia habari za ng'o. Kaka hakucheka.

"Mdogo wangu, na kile kilima? Na mvua hizi?"

"Fundi yupo, Kaka."

"Sikiliza. Mvua zikikatika nakuja kuliendesha mwenyewe. Likiwa bado linagonga, Mama anahamia kwangu. Hapa hospitali ni mtaa wa pili, anakwenda kwa miguu."

Mama akanyoosha shingo kuelekea simu. "Mwambie mimi si kabati la kuhamishwa."

"Nimesikia, Mama."

"Basi kama umesikia, chakula chema."

Baadaye, nikimsaidia kupanda kitandani, aliniambia hataki kwenda. Hapa ana dirisha lake linaloingiza jua la asubuhi. Ana jirani wa kubishana naye. Ana wateja wangu wa mapazia, ambao huwahoji mambo yasiyomhusu wakati mimi napima vitambaa. Mimi nilimfunika shuka. Lakini Mama akiondoka, nyumba hii itabaki na mimi na cherehani, na cherehani nimeshayazoea maneno yake.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda kwa fundi. Gereji yake ni kiwanja chenye bati upande mmoja na tope pande tatu. Mtaani wanamwita Shokapu, maana ukimpelekea gari lolote, kwa ugonjwa wowote, jibu lake ni hilo hilo.

Akaliendesha mwenyewe kuzunguka mtaa, mimi nikimsubiri kwenye tope. Akarudi anatabasamu.

"Sista, gari zima hili."

"Umelipitisha wapi?"

"Pale kwenye lami."

"Fundi, kwenye lami hata kitanda changu hakigongi."

Akajikuna kisogo kwa bisibisi. Akalisukuma gari kwa kiganja kwenye kona ya boneti, likainama, likainuka. Akatega sikio kama daktari.

"Shokapu hizi," akasema.

Jumanne, 12 Machi

Shokapu mpya mbili. Kimya. Nimemdharau bure yule mtu.

Alhamisi, 14 Machi

Sikumdharau bure. Tulipofika tu kwenye barabara ya mawe: ng'o.

"Karudi," akasema Mama, kama anayepokea mgeni aliyesahau mwavuli.

Jumapili, 17 Machi

Leo nimeamua kuchunguza mwenyewe. Mimi ni mshona mapazia. Nimejifunza kushona kwa kufumua nguo za watu na kuangalia nani alikosea wapi, na sioni kwa nini gari liwe tofauti. Nimelizungusha asubuhi nzima. Haya ndiyo niliyoyapata: linagonga nikikanyaga breki kidogo, kabla tu ya kusimama. Linagonga nikianza kuondoka. Mama akiwamo linagonga zaidi. Usukani unalegea zaidi nikiwa kwenye breki kuliko nikiwa kwenye mwendo. Yaani si kelele tu. Kuna kitu mbele pale kinasogea kisichotakiwa kusogea.

Halafu nikamweka Mama kwenye kiti chake, nikaenda mbele, nikawa nalikandamiza boneti kwa uzito wangu wote, yeye akisikiliza.

"Sasa?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Hakuna. Ila jirani ameongeza kiti barazani."

Nilipogeuka, kweli, jirani alikuwa amekaa anatazama, na mumewe pembeni yake.

Jumatano, 20 Machi

Nimempelekea Shokapu matokeo yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima zote, kisha akabadilisha vyuma viwili vyembamba ambavyo sikuvitaja. Anasema hivyo ndivyo hugonga "kwa kawaida". Nikamwambia langu si la kawaida. Akasema kila mwenye gari husema hivyo.

Alhamisi, 21 Machi

Ng'o.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua kubwa tangu alfajiri. Gari limegonga kwenda na kurudi. Kaka amepiga wakati wa chakula cha jioni, ametumia muda mrefu kunieleza mambo ya magurudumu aliyoyasoma kwenye simu. Gari lake yeye ni jipya. Halijawahi kugonga kitu, kwa hiyo ana maarifa mengi.

Mkanda wa goti la Mama umefumuka nyuzi upande mmoja. Ni ule mkanda mpana aliopewa hospitali, wa kubana goti anapotembea. Nimeushona upya kwa uzi wa mapazia.

Jumanne, 2 Aprili

Leo nilisimama kidete. Nikamwambia Shokapu sitaondoka mpaka anionyeshe kinachosogea. Akanung'unika, akapandisha gari kwa jeki, akatoa gurudumu, akaingiza mtaimbo sehemu fulani na kubinya. Chuma kizima kinachoshika gurudumu kikaenda mbele, kikarudi nyuma. Ng'o. Pale pale, mbele ya macho yetu, mchana kweupe.

"Ahaa," akasema, kama vile mimi ndiye niliyekuwa nabisha. "Bushi."

Akanieleza. Chuma kile wanakiita mkono. Mkono umeungwa kwenye mwili wa gari kwa bolti, na kati ya bolti na mkono kuna mpira mnene, ndiyo bushi. Mpira ukichoka, mkono unacheza. Mkono ukicheza, gurudumu linakwenda linakotaka, hasa kwenye breki, na usukani unabaki kuomba tu. Akachomoa wa zamani, umepasuka kama kisigino.

Nilitaka kubaki nione anavyofunga mpya, lakini nilikuwa na mapazia ya kupeleka ofisi moja kabla hawajafunga. Nikamwachia.

Jioni nimelichukua. Nimeendesha barabara ya mawe yote mpaka mwisho, nikageuza, nikairudia kwa raha tu. Mama akiwa pembeni amefumba macho.

"Umelala?"

"Nasikiliza kimya. Sikujua kumbe kina ladha."

Alhamisi, 4 Aprili

Kimya.

Alhamisi, 11 Aprili

Kimya. Kaka alipopiga nilimwacha Mama amwambie mwenyewe. Alimwambia mara tatu.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua imebomoa ukingo wa barabara kule kwenye mteremko wa kilima. Wameweka matawi kama alama. Usukani leo niliona kama unatafakari tena. Nimejiambia ni woga wangu.

Alhamisi, 18 Aprili

Si woga wangu. Ng'o, palepale, chini ya miguu ya Mama. Mama aliongeza sauti ya redio.

Ijumaa, 19 Aprili

Shokapu ametoa bushi mpya. Zimechanika. Mpira mpya kabisa, umechanika kwa kuzunguka, kama kitambaa kilichokamuliwa na mtu mwenye hasira.

"Feki hizi," akasema, akazifunga kwenye gazeti, tukaenda wote dukani kwa muuza spea.

Muuza spea aliziangalia bila kuzigusa. "Mimi siuzi feki."

"Mpira gani huu unachanika kabla ya mwezi?"

"Mpira unaopita barabara za kwenu."

"Barabara za kwetu? Wewe unakaa wapi, mbinguni?"

"Mimi nakaa dukani. Bushi zangu zikiwa dukani hazichaniki."

Shokapu akamwita jina ambalo sitaliandika kwa sababu Mama husoma humu nikiwa bafuni. Muuza spea akamwita Shokapu kwa jina lake la utani, akilitamka polepole, na hilo lilimuuma zaidi. Mwishowe tumechukua za aina nyingine, ambazo wote wawili waliapa kwamba ni zenyewe. Nilikuwa kati yao kama pazia.

Jumatatu, 22 Aprili

Zimefungwa. Kimya. Sitaki hata kukisifu.

Ijumaa, 26 Aprili

Mkanda wa goti umefumuka tena. Upande uleule. Nimeshona mara mbili juu ya pale pa kwanza. Mama anasema labda goti lake limerithi tabia za gari.

Jumatano, 1 Mei

Kimya. Mvua. Mapazia ya kijani. Naandika kwa kifupi nisiamshe kitu.

Alhamisi, 9 Mei

Asubuhi kulikuwa na mvua ya kuziba macho. Niliuliza tuahirishe mazoezi. Mama akakataa, goti lilikuwa limevimba na wiki iliyopita walimwambia asikose. Tukapanda kilima vizuri. Kuanza tu kushuka nikasikia ng'o moja, ndogo. Nikajifanya sikuisikia. Mama naye akajifanya hakuisikia, nilimwona akifanya hivyo.

Kwenye kona ya pili, ile ya ukingo uliobomoka, nikakanyaga breki taratibu. Haikuwa ng'o tena, ilikuwa kishindo. Pua ya gari ikaenda upande wa Mama. Nikageuza usukani kurudi. Nikageuza tena. Gari likatafakari. Sitayasahau maisha yangu yote yale mawazo yake marefu. Niliyaona yale matawi ya alama yakija, majani yake yananing'inia kwa maji, nikaachia breki, sijui ni nani aliyenifundisha, na papo hapo usukani ukashika na gari likarudi barabarani, lakini gurudumu la mbele likawa limeshaangukia kwenye mtaro. Tukasimama tumeinama.

Mama alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Hakupiga kelele. Wipa ziliendelea kwenda na kurudi.

"Zima hivyo vitu," akasema. "Vinanitia kizunguzungu."

Nikazima. Tukabaki kusikiliza mvua kwenye bati la gari. Baada ya muda akasema, bila kunitazama:

"Labda niende tu kwa kaka yako."

Kwa miezi miwili nimemsikia akisema hataki, kwa kila namna, kwa mzaha na kwa ukali. Sikuwa nimejua kwamba nimejiegemeza kwenye maneno hayo kama ukuta. Nikafungua mlango, nikatoka kwenye mvua, nikaupiga teke ule upande wa gurudumu. Nikaumia kidole. Gari halikutoa sauti yoyote.

Watu wa nyumba za chini walikuja na mbao, wakatusukuma, wakanipa pole na ushauri. Mmoja aliniambia tatizo ni shokapu.

Tulifika hospitali tumechelewa, tumelowa. Dada wa mazoezi, yule mrefu asiyecheka ovyo, alimvua Mama mkanda wa goti akaugeuzageuza.

"Nani anashona huu?"

"Mimi."

"Unashona vizuri. Nani anaufunga?"

"Mimi pia."

"Nionyeshe."

Nikamkalisha Mama ukingoni mwa kitanda, mguu unaning'inia, nikaufunga kama tunavyofanya kila asubuhi, vizuri, bila mkunjo hata mmoja. Dada akamwambia Mama asimame. Mama akasimama, na mkanda mzima ukajipinda kama kamba.

"Umeona? Umeufunga mguu ukiwa mtupu, hauna uzito. Akisimama goti linakaa mahali pengine, na mkanda tayari umebanwa pale pa mwanzo. Kwa hiyo kila hatua unavutwa. Hata ushone kwa waya utachanika. Akanyage kwanza, mwili ukae juu ya mguu, ndipo ubane."

Nikasema ndiyo, dada. Mama akasema, "Mtoto wangu huyu hasikii mpaka aambiwe na mgeni." Tumerudi mwendo wa jongoo, bila breki, gia ya kwanza mteremko mzima.

Ijumaa, 10 Mei

Gari liko juu ya jeki kwa Shokapu. Leo sikuwa na mapazia ya kupeleka popote. Nilikalia debe, nikamwambia nitakaa hapo mpaka jua lizame au yeye azame.

Akatoa bushi. Zimechanika kwa kuzunguka, vilevile. Akaanza kumtukana muuza spea. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye gurudumu la upande wa pili, lililokuwa bado halijatolewa. Gari likiwa juu, gurudumu lilikuwa limeshuka chini, linaning'inia. Kama mguu wa Mama ukingoni mwa kitanda.

"Fundi, bolti za bushi huwa unazikaza saa ngapi?"

"Vipi saa ngapi? Nikishaziweka."

"Gari likiwa juu?"

"Ndiyo. Nitazikaza likiwa chini nipite wapi, mimi mjusi?"

"Likishuka, mkono unapanda?"

"Unapanda."

"Na mpira umeshabanwa."

Akaniangalia. "Sista, mimi nafunga bushi tangu wewe hujajua kukanyaga klachi."

"Sijabisha. Huo upande ambao hujaufungua, shusha gari. Halafu legeza bolti kidogo tu, likiwa limekaa chini. Tuone."

"Tuone nini?"

"Kama hakuna kitu, hakuna kitu. Nitasimama pale barabarani niwaambie watu wote kwamba kosa ni langu, naendesha vibaya."

Ofa hiyo ilimvutia. Akarudisha zile bushi zilizochanika pamoja na gurudumu, akaweka magogo mafupi manne, akashusha gari juu yake, kila gurudumu na gogo lake, akajilaza chali kwenye tope na kujisukuma chini huku akilalamika kwa majina ya viungo vyake vyote. Nikasikia spana ikishika. Nikasikia akivuta pumzi. Kisha, twii, na bolti ikajizungusha yenyewe, na ile kona ya gari ikashuka. Kidogo tu, unene wa kidole. Lakini ilishuka mbele yangu, kama mtu aliyeachia pumzi aliyoizuia siku nzima.

"Fundi?"

"Nipo."

"Umeona?"

"Nimeona kitu," akasema. "Sijasema nimeona nini."

Amenunua bushi nyingine, kwa muuza spea yuleyule, bila tusi hata moja. Ameziweka, amezishikiza kwa mkono, ameshusha gari juu ya magogo, amelitikisa likakaa, ndipo akajipenyeza chini na kukaza. Alipotoka alikuwa tope tupu, meno tu ndiyo meupe.

"Unajua," akaniambia akijifuta, "hili jambo nilikuwa nimeshaanza kulifikiria."

Nikasema naam, ilionekana.

Nimerudi nyumbani nikipiga honi. Mama alikuwa barazani, simu mapajani.

"Limepona!" nikamwambia. "Mama, tumeupata ugonjwa!"

Akaikunja shali yake. "Nimezungumza na kaka yako mchana. Nimemwambia habari ya mtaro. Nimemwambia aje anichukue."

Alhamisi, 16 Mei

Kimya kwenda, kimya kurudi. Kwenye kona ya pili nilikanyaga breki makusudi. Gari liligeuka kabla sijamaliza kuliambia. Mama akasema ni vizuri, nitapata bei nzuri nikiliuza. Anakunja nguo zake kidogo kidogo, akidhani sioni.

Nimemwambia anaondoka kwa sababu ambayo haipo tena. Akasema ameshatoa ahadi. Nikamwambia alinipa na mimi ahadi. Akasema hapana, mimi alinipa malalamiko tu, ni vitu viwili tofauti.

Jumanne, 21 Mei

Nimepita gereji. Shokapu alikuwa anamhutubia mteja mpya: "Bushi, mzee, haikazwi gari likiwa juu. Gari lazima likanyage. Hilo wengi hawalijui." Aliponiona alinyanyua spana kunisalimu, bila aibu hata chembe. Nilikusudia kukasirika. Kisha nikaona magari mengine mawili yamekaa juu ya magogo.

Jumamosi, 25 Mei

Kaka amefika na gari lake jipya. Mvua zimekatika tangu juzi. Amekonda. Kwenye simu husikii mtu akikonda.

Hakukaa hata kunywa maji, aliomba ufunguo wangu. Tukaenda wote, Mama mbele, mimi nyuma. Alilipeleka kilimani. Aliyatafuta mashimo kama mtu aliyeyapoteza. Madogo, makubwa, breki, bila breki, kona ya mtaro aliipita mara mbili. Kimya. Kadiri kimya kilivyozidi ndivyo mabega yake yalivyozidi kushuka, na mimi kule nyuma, niliyekuwa nimejiandaa kwa kicheko cha ushindi tangu Machi, nikashindwa kukitumia. Mtu hasikitiki hivyo kwa gari zima.

Alilisimamisha juu kabisa, akazima.

"Sisikii kitu," akasema.

"Ndiyo," nikajibu.

"Nilishapaka chumba chake rangi. Nimeweka vyuma vya kushikia bafuni. Nimebadilisha hata kitasa."

Mama akamgeukia. "Mkeo anasemaje?"

"Mke wangu kahamishwa kikazi, Mama. Mwaka wa pili huu. Huja mara mojamoja."

"Na mwanao?"

"Bweni."

"Kwa hiyo jioni unakula na nani?"

Kaka akashika usukani, gari limezimwa. "Nakula nikiwapigia nyinyi."

Nilikumbuka simu zote zile nilizozijibu huku nikimkonyeza Mama, zote za wakati wa chakula. Mama akavuta mkanda wake wa goti, akaurekebisha, akakohoa.

"Sasa nisikilizeni. Nilitaka kuondoka kwa sababu siku ile mtaroni niliona huyu mdogo wako atakufa kwa ajili ya goti langu. Goti lenyewe hata si zuri. Na wewe unataka nije kwa sababu huna wa kula naye. Hayo ni mambo mawili, na hakuna hata moja ambalo ni gari. Likizo yako ni ya muda gani?"

"Mwezi."

"Begi lako liko wapi?"

"Kwenye gari langu. La siku mbili tu."

"Dada yako ana cherehani. Mashati atakushonea. Twende nyumbani, mguu unaniuma."

"Lakini Mama, mimi nilikuja kuku..."

"Washa gari."

Akawasha.

Alhamisi, 30 Mei

Jua. Kaka ndiye aliyempeleka Mama mazoezi, kwa gari langu, maana Mama anasema lake yeye linanuka duka. Nilibaki nikashona pazia la mita nane bila kuinuka. Nilikuwa nimesahau kwamba siku ina asubuhi.

Analala sebuleni, siku ya tano sasa. Anakoroma. Amepanga upya sufuria zangu kwa ukubwa. Amenishauri kuhusu uzi.

Walirudi saa ya chakula, Mama anacheka jambo ambalo wamekataa kuniambia. Kaka akaweka ufunguo mezani, akasita, nikamwona anavyolitafuta neno la kuanzia.

"Mdogo wangu, usukani ule unavuta kidogo kushoto. Kidogo sana. Nimefikiri kesho nilipeleke kwa yule fundi wako alifungue aangalie."

Nimemwambia akilipeleka kwa Shokapu, au kwa fundi mwingine yeyote mwenye jeki, atakayehamia kwake ni mimi.